Mapenzi ya hiari kwenye gemu ya RPG: mchezaji aingie kwa kutaka, asidumbukie

Swali: Shikamoo. Tuko watatu hapa Mwanza, tunatengeneza gemu ndogo ya RPG, yaani ya kuigiza mhusika na kumfanyia maamuzi, kwa kutumia Ren'Py, programu ya kutengenezea gemu za visa. Mchezaji ni kijana, wa kiume au wa kike, anayetoka Igoma kwenda kambi ya dagaa kisiwani, upande wa Ukerewe, kumtafuta kaka yake aliyepotea na mtumbwi. Ana wenzake wanne wa safari, na tumeruhusu apendane na yeyote kati yao. Tuliowapa waijaribu wamerudi na malalamiko mawili yanayopingana. Wengine wanasema walijikuta wapenzi wa mtu waliyemtendea wema tu. Wengine walikataa mapenzi, na wanasema kuanzia katikati gemu ilikuwa kimya, kama vile wenzao wamewanunia. Tufanyeje ili mapenzi yawe ya hiari kweli, na kisa kikuu kisiharibike?

Jibu: Marahaba. Malalamiko hayo hayapingani, yana mzazi mmoja. Nina uhakika kila mhusika wenu ana kihesabu kimoja tu, mnachokiita sijui "upendo" au "ukaribu", na kila kitu kinaingia humo: msaada, utani, zawadi, maneno matamu. Mchezaji mkarimu anakijaza bila kujua, kizingiti kinavukwa, na tukio la mapenzi linajifungua lenyewe. Aliyekataa naye anafungiwa nje, kwa sababu matukio yote ya baadaye ya mhusika huyo mmeyaweka nyuma ya kizingiti hichohicho.

Hata wakubwa yamewakuta. Gemu ya Baldur's Gate 3 ilipotoka Agosti 2023, wachezaji walishangaa kuona wenzao wa safari wanawajia kambini mmoja baada ya mwingine, wote na maneno yale yale ya mapenzi. Studio ya Larian iliyoitengeneza ilikiri kwamba vizingiti vya kukubalika vilikuwa chini mno, ikavirekebisha. Lakini kupandisha kizingiti ni dawa ya kutuliza maumivu tu. Kwenu nyie, tenganisheni vitu vitatu kwa kila mhusika. Tuseme fundi wenu wa injini anaitwa Kabula:

`default urafiki_kabula = 0`
`default mvuto_kabula = 0`
`default hali_kabula = "wazi"`

Urafiki unakwenda 0 hadi 100, na humo ndimo wema wote unamoingia. Mvuto ni namba ndogo, 0 hadi 4, na hauongezeki ila mchezaji achague kwa makusudi mstari wa kuchombeza. Nasisitiza namba ndogo. Mkimpa kila mhusika nafasi nne za kuchombezwa katika gemu nzima, mtajua kwa kuangalia namba tu ni zipi zimetumika, na bagi, yaani kosa la programu, mtaiona mapema. Kihesabu cha mia kinaficha makosa.

Hali ni neno moja: "wazi", "wapenzi", "amekataliwa", "wameachana". Msitumie swichi nne tofauti za ndiyo na hapana kwa kazi hii. Siku moja mtasahau kuzima moja, na Kabula atakuwa mpenzi na aliyekataliwa kwa wakati mmoja, akimnunia mchezaji asubuhi na kumpikia chai jioni. Neno moja haliwezi kuwa mawili.

Angalieni Stardew Valley ya mwaka 2016 inavyofanya. Ukaribu na kila mtu unahesabiwa kwa mioyo, na kila moyo ni pointi 250. Zawadi ni mbili kwa wiki kwa kila mtu, kitu anachokipenda sana kinaleta pointi 80, na siku yake ya kuzaliwa zinazidishwa mara nane. Lakini wanaooleka wanagota kwenye moyo wa 8. Upeleke samaki, upeleke almasi, haupandi zaidi ya hapo mpaka ununue shada la maua kwa dhahabu 200 na umkabidhi mwenyewe. Shada lile ndilo swali. Bila shada, mnabaki marafiki wazuri maisha yote, na hakuna anayekushtukiza.

Kuna gemu zilizohesabu kwa siri zikafanikiwa. Final Fantasy VII ya 1997 ilijumlisha majibu yako kimyakimya, kisha ikaamua nani atatoka na Cloud, mhusika mkuu, kule Gold Saucer, bustani ya burudani, na anaweza kuwa hata Barret, mwanamume mwenzake. Ile inakubalika kwa sababu ni matembezi ya usiku mmoja tu. Ninyi mnataka uhusiano unaofika mwisho wa gemu, kwa hiyo siri hiyo hamwezi kuimudu.

Sasa mistari yenyewe, maana hapa ndipo wengi wanalikoroga. Tuseme Kabula amechuchumaa kwenye mtumbwi pale mwaloni, kaitoa plagi na anaisugua kwa msasa. Anasema: "Oili imezidi kwenye petroli. Ndiyo maana plagi inaloa, injini inazima." Mchezaji anapewa:

"Nikushikie taa?" (urafiki +5)
"Hii injini unaijua kuliko aliyeiunda." (urafiki +3)
"Endelea tu, mie nakutazama wewe, injini siioni." (mvuto +1)
"Nipo kwa tajiri, ukimaliza niite." (hakuna kinachobadilika)

Mstari wa pili ni sifa, na sifa si mapenzi. Wa tatu hauna njia ya kueleweka vibaya. Mstari wa kuogopwa ni wa aina ya "Uko vizuri sana, Kabula", ambao mmoja atausoma kama pongezi kwa fundi na mwingine kama ndoano. Mkiwa na mstari wa namna hiyo, ama uandikeni upya, ama usihesabiwe popote. Dragon Age II ya 2011 iliweka alama ya moyo pembeni ya maneno ya kuchombeza. Wapo wanaosema alama inaua utamu. Mimi nasema iwekeni. Mchezaji anayesoma kwenye kioo kidogo cha simu, ndani ya daladala, hana muda wa kupima sauti ya mhusika msiyemrekodi.

Kwetu kuna mtego mwingine ambao vitabu vya kigeni havitawaambia: utani. Bibi muuza sato akimwita mchezaji "mume wangu" na mchezaji akajibu "mke wangu leo umeninyima kitoweo", hayo ni mazungumzo ya kawaida kabisa ya bibi na mjukuu. Kadhalika maneno ya shemeji kwa shemeji. Utani wote uingie urafiki, hata kama maneno yake yamejaa ndoa. Mkiuingiza kwenye mvuto, mtapata malalamiko yaleyale ya kwanza, tena kwa kicheko.

Swali lenyewe la mapenzi liwe tukio moja linalojitegemea, na masharti yake yawe mawili kwa pamoja: urafiki usiopungua 50 na mvuto usiopungua 2. Anayeuliza anaweza kuwa mchezaji au mhusika, lakini majibu yawe matatu: ndiyo, hapana, bado. "Bado" irudi mara moja tu, baadaye, na ikijibiwa "bado" tena ichukuliwe kuwa hapana. Likirudi mara tatu, mhusika anakuwa msumbufu. Na "hapana" ikisemwa, hali inabadilika, mistari yenye alama ya moyo inaondoka, mvuto haupandi tena. Urafiki usiguswe hata pointi moja. Gemu zinazokata pointi za urafiki kwa sababu ya kukataliwa zinamwadhibu mchezaji kwa kujibu swali aliloulizwa.

Hapo tunafika kwenye lalamiko la pili. Mapenzi hayawi ya hiari mpaka kukataa nako kuwe kumeandikwa, kwa urefu na kwa uangalifu uleule. Badala ya kumpa kila mhusika matukio sita ya mapenzi, mpeni manne ya pamoja yanayomhusu yeye na maisha yake: deni la injini, baba anayetaka arudi shule, ugomvi na tajiri, usiku wa dhoruba. Haya anayaona kila mchezaji mwenye urafiki wa kutosha. Kisha mawili ya wapenzi, na mawili mengine yanayoshika nafasi ileile kwa marafiki. Kabula akilia juu ya baba yake, mpenzi na rafiki wote wawili wawepo, ila kila mmoja na maneno yake.

Pigeni hesabu kabla ya kushangilia. Wahusika wanne kwa matukio 8 ni 32, na kila tukio likiwa na maneno 350 mnaandika maneno 11,200 nje ya kisa kikuu. Wawili tu wakiwa wa kupendwa, na wawili waliobaki wakiwa na matukio 6 ya urafiki kila mmoja, ni matukio 28, maneno 9,800. Nafuu ya kuandika ni ndogo. Nafuu kubwa iko kwenye wivu. Wapenzi wanne wanafanya jozi sita za watu wanaoweza kugongana, wawili wanafanya jozi moja. Ushauri wangu: wawili. Hao wengine wawili watapendeza zaidi wakiwa na maisha yao. Nahodha Masanja awe na mke Nansio, na mchezaji akijaribu, amjibu kwa heshima siku ileile ya kwanza.

Neno hilo la "siku ya kwanza" lishikeni pia kama mna mhusika anayependa jinsia moja tu. Cyberpunk 2077 ya mwaka 2020 ina mipaka ya namna hiyo, Panam akimtaka V (mhusika wa mchezaji) wa kiume na Judy akimtaka wa kike. Dragon Age II iliwaacha wanne wa msingi wazi kwa mchezaji yeyote. Njia zote mbili zinafanya kazi. Kisichofanya kazi ni kumwachia mtu achombeze sura nzima halafu aambiwe mlango haukuwepo. Na wote wa kupendwa wawe watu wazima, umri utajwe ndani ya mazungumzo, na faragha ifichwe kwa skrini kuwa nyeusi. Hapo sina mjadala.

Wivu wenyewe uwekeni sehemu moja tu ya skripti: mwanzoni mwa tukio la kuulizana. Kabla halijaanza, gemu iangalie kama mhusika mwingine ana hali ya "wapenzi". Kama anayo, kwanza yachezwe mazungumzo ya kuchagua. Kabla ya hapo, kuchombeza wawili kusiwe kosa. Mtu hajaahidi kitu. Mkisambaza ukaguzi wa wivu kwenye matukio ishirini, lazima mmoja utasahaulika. Kama mnataka adhabu kwa mlaghai, ifanyeni ya kuchekesha na iwe moja. The Witcher 3 ya 2015 ilimngoja mchezaji aliyewaahidi wanawake wawili, Triss na Yennefer, wote kwa pamoja, ikamwita kwenye usiku aliodhani ni wa bahati, akaishia amefungwa kitandani peke yake huku wenyewe wanaondoka. Baada ya hapo hapati yeyote. Tukio moja, na linakumbukwa mpaka leo.

Faida za kimchezo? Msiweke. Kwenye Skyrim ya 2011 mwenzi wa ndoa mwenye duka anakuletea dhahabu 100 kwa siku, na ukilala nyumbani kwake unajifunza ujuzi haraka kwa asilimia 15. Matokeo yake watu wanaoa kwa hesabu za biashara. Persona 5 ya mwaka 2016 ni mfano bora: kwa wengi wa wahusika wa kupendwa unachagua urafiki au mapenzi kwenye ngazi ya 9, na uwezo wa ngazi ya 10 unaupata vyovyote vile. Kabula akipunguza bei ya matengenezo, sharti liwe urafiki 60, basi. Zawadi nazo ziwe na kikomo. Dragon Age: Origins ya 2009 ilipunguza thamani ya kila zawadi inayofuata kwa mtu yuleyule, na bado watu waliweza kununua nyoyo. Zawadi zenu ziingie urafiki peke yake, mbili kwa wiki ya gemu.

Kisa kikuu kisitegemee mapenzi hata kidogo, lakini kiyatambue. Katika kila tukio kuu acheni nafasi ya mstari mmoja wa mtu wa karibu. Skripti itafute hivi: kama yupo mwenye hali ya "wapenzi", aseme yeye, kama hayupo, aseme mwenye urafiki mkubwa kuliko wote, kama wote wako chini ya 20, aseme Masanja mstari wa kawaida. Hiyo hatua ya katikati ndiyo inayokosekana kwenu, na ndiyo inayoleta ukimya. Mchezaji asiye na mpenzi anasikia sauti ya rafiki, wala hajui kwamba kulikuwa na mstari mwingine.

Kuna mambo madogo yasiyo na gharama ambayo yanafanya kazi kubwa. Mass Effect 2 ya 2010 iliweka mezani picha ya mpenzi wa gemu ya kwanza, na ukimpata mwingine picha inalazwa kifudifudi. Ninyi mna kitu rahisi zaidi kuliko picha: jina la kuitwa. Hali ya Kabula ikiwa "wapenzi", mdogo wake aanze kumwita mchezaji "shemeji" au "wifi" kulingana na jinsia, bila tangazo lolote. Ni kigezo kimoja ndani ya mstari ambao tayari upo. Wakiachana, arudi kumwita kwa jina, na hapo ndipo mchezaji atasikia uzito wa jambo.

Suala la muda ndilo linaloangusha mapenzi mengi yaliyoandikwa vizuri. Baldur's Gate II ya mwaka 2000 iliendesha mazungumzo ya wapenzi kwa saa iliyokuwa ikitembea ndani ya gemu. Baldur's Gate 3 imeyaweka kwenye kulala kambini, kwa hiyo mchezaji bahili wa kulala anayakosa au yanarundikana. Ninyi kalenda mnayo mkononi. Dagaa huvuliwa kwa taa usiku wa giza. Mbalamwezi ikiwaka hawavutiki na taa, na wavuvi wanapumzika nchi kavu. Basi usiku wa giza uwe wa kazi na kisa kikuu, siku za mbalamwezi ziwe za watu: nyavu zinashonwa, madeni yanadaiwa, wahusika wana nafasi ya kuongea. Mchezaji ataelewa mdundo huo bila maelezo, na hata asiyemtaka mtu ana sababu ya kukaa kambini.

Wekeni matukio ya binafsi kwenye foleni, moja kwa usiku, lililosubiri zaidi litangulie, lisipitwe na tarehe. Kisha kosa la kuepuka: msikague masharti wakati wa kuliingiza tukio kwenye foleni peke yake. Kagueni tena dakika linapochezwa. Kati ya hapo na hapo mchezaji anaweza kuwa amemkataa Kabula, au dhoruba ya kisa kikuu imemchukua. Uhai wa mhusika uwe swichi yake, mbali na hali. Vinginevyo marehemu atakuja na kikombe cha chai.

Upande wa Ren'Py, vihesabu hivi vyote vitangazwe kwa `default`, visitangazwe kwa `define`. Kilichotangazwa kwa `define` kinachukuliwa kuwa hakibadiliki, na hakikusudiwi kuingia kwenye faili la kuhifadhia. Mchezaji anaweza kuzima simu akiwa na mpenzi, akawasha hana. Na mkiongeza mhusika kwenye toleo jipya, `default` itampa thamani ya mwanzo hata kwenye faili la zamani, kwa hiyo waliokwisha kuanza hawataanza upya.

Mjaribu kwa kupita gemu nzima mara nne, kila mara kwa tabia moja bila kuyumba: mkimya asiyechagua mstari wowote wa binafsi, mkarimu anayesaidia kila mtu bila kuchombeza, mpenzi wa mmoja, na mlaghai wa wote. Mkarimu akifika mwisho na mvuto wowote juu ya sifuri, kuna mstari umewekewa namba isiyo yake; utafuteni. Kisha hesabuni maneno ambayo wenzake wamemwambia mkarimu na yale aliyoambiwa mpenzi wa mmoja. Mkarimu akiwa chini ya asilimia 80, mnaweza kuacha kuongeza matukio ya mapenzi kwa sasa, mwandikeni yeye kwanza.